Mti wa Bwana Penye Chemchemi

Mtumishi Amani, mhubiri, alipanda Mgeta juu ya lori la kabichi lililokuwa likirudi tupu, kiangazi kile vumbi lilipokuwa la kuzamisha kifundo cha mguu, na kwenye bodi la lori alikuwa amepakia miche. Miche ya parachichi la kisasa, lile dogo jeusi linalonunuliwa na makampuni, kila mmoja na kiriba chake cha nailoni. Nataka hilo likumbukwe. Siku hizi wapo watu huku wanaosema kwanza lilikuja Neno, miche ikaja baadaye. Waongo. Vilipanda mlima pamoja, siku moja, lori moja.

Mimi huku ni mkwe. Nimetoka Kinole, upande wa pili wa safu, nikaoa, nikahamia kwa mke wangu. Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, lukolo wanavyouita wenyewe. Nalima shamba la mke wangu kama nilivyoonyeshwa. Nikifa leo watoto watabaki nalo, ndugu zangu wa Kinole hawataambulia hata tuta moja. Sinung'uniki. Nimekuta hivyo, na mama yangu naye kule Kinole alikuwa na lake.

Lakini lipo jambo moja ambalo mkwe halifanyi, na mgeni aliyeazimwa shamba halifanyi: kupanda mti wa kudumu. Panda njegere, panda karoti, panda mbatata mpaka mgongo ukatike. Msimu ukiisha unavuna, unaondoka. Mti hauondoki. Aliyepanda mti atarudi kuchuma, anayerudi kuchuma atataka njia ya kupita, na aliyezoea kupita ipo siku atakaa. Ndiyo maana huku mwenye mti anahesabiwa ana neno juu ya mahali uliposimama. Hata watoto wa shule wanalijua hilo. Nalisema mapema ili baadaye asije mtu kuniambia tulidanganywa kwa jambo geni. Tulidanganywa kwa jambo letu wenyewe.

Ng'ambo ya kijito, mkabala na kwetu, anakaa Scholastika. Ananiita shemeji kwa sababu mke wangu ni dada yake wa ukoo. Ana mama yake mzee, bibi Winfrida, na ana binti mmoja, Glory. Mume alikwenda Dar na mzigo wa kabichi, akapenda Dar. Huyo Glory alikuwa anaanguka. Kifafa. Aliwahi kuangukia mafiga, kovu lipo mkononi mpaka leo. Shuleni walishaanza kumkalisha dawati la peke yake.

Mtumishi alimwekea mikono siku ya kwanza ya mkutano wake wa Injili, uwanjani, mbele ya kijiji kizima. Akakemea, akapiga kelele, jasho likamtoka. Na mtoto hakuanguka tena. Ni kweli, hakuanguka, na sitasema uongo hata juu ya mtu nisiyempenda. Ila mwezi uleule Scholastika alikuwa ameanza kumpa vidonge alivyoandikiwa hospitali, na aliendelea kumpa, asubuhi na jioni, bila kukosa. Vidonge havikuitwa mbele kutoa ushuhuda.

Siku ya mwisho ya mkutano ndipo ikaja habari ya matoleo.

"Injili ni bure," Mtumishi alisema, sauti imekauka kwa kuhubiri, "lakini dizeli si bure. Wapo ndugu zenu nyuma ya milima hii, Matombo kule, Kinole kule, hawajasikia!"

Mjomba wangu Kibwana ni muadhini Kinole, na mtaa wa pili kuna kigango cha Wakatoliki. Kinole wamesikia sana, tena alfajiri.

"Mimi sitaki hela zenu," akaendelea. "Hela inaisha. Mpeni Bwana kitu kisichoisha. Kila kaya, mti mmoja. Matunda yake yatalisha Injili mpaka Bwana arudi. Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Tumsifu Yesu Kristo," alijibu bibi Winfrida kutoka mstari wa nyuma. Huyo ni mtu wa rozari, habadilishi salamu kwa ajili ya mtu. Akasimama na bakora yake. "Mtumishi, huo mti utakuwa wa nani?"

"Wa Bwana, mama."

"Na shamba?"

"La kwako, mama yangu! Nani anataka shamba lako?"

"Maana huku kwetu mgeni tunamwazima shamba alime maharage. Mti hapandi."

Mtumishi akacheka, akageuka kutazama watu kama aliyerushiwa mpira mguuni kwake. "Jamani wana wa Mgeta, kumbe Mungu ni mgeni huku?"

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Watu walipigana mabega. Bibi akangoja wamalize.

"Mungu tunafahamiana," akasema. "Nauliza wewe."

Castory, mwenyekiti wetu wa kijiji, akadakia. "Mama Winfrida, keti, unatuaibisha." Akaketi. Na hapo nilikumbuka kanisa la mawe la misheni, yale mawe yaliyopandishwa na bibi za watu wa huku vichwani, watoto mgongoni, tangu mtoni hadi kileleni. Bibi Winfrida alikuwa mmoja wa hao watoto wa mgongoni. Injili huku imelipiwa zamani, na shingo za wanawake. Lakini wakati ule nani angemsikiliza mkwe?

Basi wakapanga foleni, kila mmoja na mche wake, wakatamkishwa maneno. Niliyasikia vizuri kwa sababu Mtumishi aliyatamka polepole ili hata wazee wayashike: "Mti huu, na mahali utakaposimama, ni mali ya Bwana." Kijiji kizima kikarudia. Mke wangu aliinua mkono kuomba mche, nikaushusha. Tulinuniana wiki nzima.

Mtu wa mahali pengine angeupanda ule mche kichakani, akamaliza. Hawa si watu wa namna hiyo. Hawa bibi zao walibeba mawe. Scholastika aliuchukua wake akapanda nao hadi juu kabisa ya matuta yake, penye chemchemi ya ukoo. Pale maji yanatoka chini ya jabali kiangazi na masika, yanaingia mfereji, na mfereji unanywesha matuta yake, kisha ya majirani, kisha ya nusu ya kitongoji.

"Shemeji," nilimwambia, "hapo penyewe? Nenda kaupande kule kwenye changarawe."

"Nimpe Mungu changarawe?" Alikuwa amepiga magoti, mikono imejaa udongo mweusi, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tena. "Kaniponyea mtoto, shemeji. Ningekuwa na mahali pazuri zaidi ya hapa, ningempa."

Na wenzake wote walifanya hivyohivyo. Kila mmoja alichagua mahali pake bora, na huku mahali bora ni penye maji. Siku nyingine nilikuwa natoka kukata kuni, nikasimama ng'ambo kupumua, nikatazama chini. Ile miche, kila mmoja umefungiwa kitambaa cheupe, ilikuwa imepita mlimani ikifuata mifereji yetu yote, chanzo kwa chanzo. Hata fundi wa kulipwa asingeweza kuipanga vile. Kuni zilinielemea ghafla, nikazitua.

Miti ikakua. Lile parachichi halikawii. Wakaja vijana wa Mtumishi, wapole, shikamoo nyingi, wakapaka kila shina rangi nyeupe. Safari ya pili wakamwambia Scholastika asilime kabichi chini ya kivuli, dawa za kabichi zitauchafua mti. Akaacha. Safari ya tatu wakasema mbuzi wasikaribie. Safari iliyofuata walikuja na miti ya uzio, na uzio haukuishia kwenye kivuli, ukazunguka na jabali.

"Tunalinda mti wa Bwana tu, mama," kijana mmoja alimwambia bibi Winfrida. "Mlango tumeacha."

"Nashukuru," bibi akajibu. "Kwenye shamba la mama yangu nimeachiwa mlango."

Matunda ya kwanza yakashuka mjini, na gari likapatikana. Sikatai, Injili ilitangazwa. Lilikuwa gari dogo jeupe lenye vipaza sauti vinne juu, na masika yale, ukungu ukiwa umeziba mlima hata mkono huuoni, gari lilikuwa likipita barabara ya chini na sauti inapanda peke yake. Toeni. Toeni kwa moyo. Aliyeahidi asirudi nyuma. Ukungu unaipeleka huku na kule, hujui inatoka wapi. Mbuzi walikuwa wanaacha kula. Nilimwona Glory siku moja amesimama katikati ya njia, ndoo kichwani, anasikiliza, na mama yake amesimama nyuma anamtazama mtoto kisogoni.

Ndipo likaja suala la hati. Ofisi ya kijiji ilitangaza kwamba mashamba yatapimwa, kila ukoo upewe hati ya kimila. Watu wakafurahi. Kamati ikaanza kutembea, Castory mbele, mpimaji kutoka mjini nyuma yake na chombo chake begani. Nao wakifika penye mti wenye rangi nyeupe, Castory anauliza mbele ya mashahidi:

"Mti huu wa nani?"

Na watu wanasema ukweli. Wafanyeje? "Wa Bwana."

"Na mahali uliposimama?"

Kisha mmoja anasema, kwa sababu maneno hayo aliyatamka kwa kinywa chake: "Pa Bwana."

"Mwenye mti ana neno juu ya mahali," anasema Castory. "Sijatunga mimi. Si mila yenu?"

Na mpimaji anaandika jina la huduma ya Mtumishi. Ndani ya uzio, jabali. Ndani ya jabali, maji. Habari zilishavuja kwamba maji yatashushwa kwa bomba hadi shamba kubwa la maparachichi huko chini, shamba la kuendeshea Injili. Nani angepinga? Wazee wa milima hii walimkatalia mkoloni matuta yake ya lazima, wakasimama mbele ya bunduki. Wajukuu wao walisimama mbele ya mti wa parachichi wakainamisha vichwa. Mkoloni hakuwa ameponya mtoto wa mtu.

Upande wetu ulipangiwa Jumatatu. Ukoo wa Scholastika ukakutana, na kwa mara ya kwanza waliniacha niseme. Nikasema: Jumatatu wakikuta mti, watapima. Wasipokuta mti, hakuna cha kupima. Ukatwe.

Wote wakamtazama Scholastika.

"Na Glory?" akauliza.

Mke wangu akaanza kusema habari ya vidonge, Scholastika akamkatiza: "Wewe una uhakika? Uko tayari kumjaribishia wa kwako?" Na mimi niliyekuwa na maneno mengi nilijikuta natazama kovu la yule mtoto, aliyekuwa amekaa mlangoni anamenya njegere kana kwamba anasemwa mtu mwingine.

Jumamosi tukashuka Morogoro, Scholastika, Glory na mimi, juu ya magunia ya karoti. Mtumishi anakaa Mwembesongo, nyuma ya maduka ya vipuri, nyumba ya kawaida tu, viatu vingi mlangoni. Alitupokea vizuri. Alitutolea viti mwenyewe.

"Mtumishi," Scholastika alisema, "nimekuja kuomba nibadilishe nadhiri yangu. Nitatoa kingine. Nitatoa mbuzi wote. Nitatoa karoti za msimu mzima, na msimu ujao. Ila mti niuondoe pale penye maji."

Alimsikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha upande. "Dada Scholastika, uliniahidi mimi?"

"Hapana, Mtumishi."

"Sasa mimi unaniomba nini? Mimi ni tarishi. Nenda kaukate."

"Nikaukate?"

"Nani amekuzuia? Kuna polisi pale? Kuna mlinzi? Panga si unalo?" Akamvuta Glory karibu, taratibu, kama baba, akamwekea kiganja utosini, palepale alipomwekea siku ile. "Umekua, binti. Unaanguka siku hizi?"

"Hapana, baba."

"Asante, Yesu." Alisema hivyo huku akimtazama mama yake mtoto, si mtoto. "Mnakunywa soda gani?"

"Unamtisha mtu kwa mtoto wake," nikasema.

"Aah, wewe ndiye mkwe wa Mgeta! Nimezisikia habari zako." Akacheka, bila hasira hata kidogo. "Nimemtisha nani? Si nimesema akate? Umenisikia, au hujanisikia?"

Nilimsikia. Ndivyo alivyosema. Ungempeleka popote, mbele ya padri, mbele ya hakimu, maneno yake yangetoka safi. Kiganja kilikuwa bado kichwani mwa mtoto.

Jumapili jioni bibi Winfrida alitaka panga. "Nipe mimi. Mimi sikuahidi kitu."

"Ukikata wewe, watasema nimekutuma," Scholastika akajibu. "Na Yeye atajua nimekutuma."

"Kwa hiyo Mungu wako anachungulia uvunguni mwa kitanda kutafuta wa kumwangusha?"

"Mama, usimseme Mungu."

"Simsemi Mungu. Namsema uliyenaye wewe."

Ilikuwa kauli ngumu, na bibi mwenyewe aliona imekwenda mbali, akashika rozari yake. Hapo Glory, aliyekuwa akikoka moto, akasema bila kugeuka: "Mama, kata. Nikianguka nitaamka. Zamani si nilikuwa naamka?"

Scholastika alitoka nje. Tulimsikia analia nyuma ya banda la mbuzi, na hakuna aliyemfuata.

Jumatatu kulipokucha ukungu ulikuwa chini, juu kumetakata. Nilimwona kutoka kwetu, anapanda matuta na shoka begani, Glory anamfuata. Nikavuka kijito mbio. Nilipofika alikuwa ameshasali, magoti yake yana tope. Akamwambia mtoto akae juu ya jabali, mbali, mahali anapoweza kumwona. Kisha akapiga. Mti ule haukuwa mnene, mwanamume angeumaliza upesi. Yeye alikuwa akipiga, anageuka kumtazama mtoto, anapiga, anageuka. Nilinyoosha mkono kumsaidia, akaniinulia shoka.

"Usiguse. Kitu hiki ni cha kwangu."

Mti ukalala juu ya uzio, matunda mabichi yakaporomoka tuta kwa tuta hadi mferejini. Glory alikuwa amekaa palepale, mikono magotini, macho wazi.

Kamati ilipofika, Castory alikizunguka kisiki. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Scholastika, binti yangu. Umefanya nini?"

"Andikeni," akasema. "Mti hakuna."

Mpimaji alisema kwamba yeye anaandika kilichopo, basi. Chemchemi ikaandikwa kwa ukoo. Sijawahi kuona ushindi uliowanyamazisha watu namna ile. Mke wangu tu ndiye aliyepiga kigelegele, kikafia njiani.

Kwa wengine wote mawe ya mipaka yalichimbiwa, bomba likashushwa, na kabla hata kiangazi hakijakolea mifereji yao ilikuwa imekauka. Maji yaliyobaki upande wetu ni yale ya Scholastika. Kwa hiyo wanakuja. Kila siku, foleni ndefu ya ndoo kwenye njia ya matuta, wale wale waliosema "pa Bwana", na Scholastika hajamfukuza hata mmoja. Wanasalimia vizuri, wanateka. Na wakishateka wanauliza kwa upole, kila siku, huyu na yule, kama watu wanaoulizia mvua: "Glory hajambo?"

"Hajambo."

"Hajaanguka?"

"Hajaanguka."

"Haya. Tunamwombea."

Nimewaambia mmoja mmoja: mnakunywa maji ya yule mama huku mnamngoja mwanawe aanguke. Wananiambia, wewe mkwe, nani amengoja? Tunauliza hali. Wanasema kweli, ndivyo wanavyouliza. Wamejifunza kuongea kama Mtumishi.

Wiki iliyopita Glory alikuwa anashuka na ndoo yake, foleni imejaa, na njia ina utelezi kwa maji yanayomwagika. Akaanguka. Ndoo ikabingirika ikaenda zake. Mazungumzo yote yakakatika palepale. Hata kikombe cha kutekea kikabaki hewani mkononi mwa mtu.

"Haya," alisema mwanamke mmoja. Hilo tu.

Glory alikuwa amekaa matopeni, anacheka kwa aibu. "Nimeteleza!"

Hakucheka mtu. Scholastika alikuja kutoka matuta ya juu, jembe bado mkononi, akapiga magoti mbele ya mtoto. Hakulitazama goti linalotoka damu. Alimshika uso kwa mikono miwili akamtazama machoni.

"Mama, nimeteleza tu."

"Sema tena."

"Nimeteleza."

"Mimi ni nani?"

"Mama, jamani. Watu wanatuangalia."

Walikuwa wanaangalia kweli. Waliotangulia ndoo zao zilikuwa zimejaa hadi ukingoni, na hakuna hata mmoja aliyeondoka.